Goti la Bibi na Benchi la Alhamisi

Jumatatu, 12 Februari

Leo nimeshona mashati ya watoto wa darasa la kwanza bila kugusa sindano wala kitambaa. Kazi yangu ni miguu.

Bibi ni fundi cherehani, na cherehani yake ni ile ya kukanyaga. Lakini goti lake la kulia limekwisha. Ile gegedu laini inayokaa katikati ya mifupa imelika yote, na sasa mfupa unasaga mfupa kama mawe mawili yaliyokosa nafaka. Anatakiwa awekewe goti la bandia. Aliandikishwa kwenye foleni ya hospitali ya serikali nilipokuwa shule ya msingi. Sasa niko kidato cha tatu, naye bado yuko kwenye foleni.

Alijaribu kukanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake, ukagoma. Ndipo tukagawana kazi. Bibi anakaa mbele ya mashine, mguu mbovu ameunyoosha juu ya ndoo iliyopinduliwa, anaongoza kitambaa. Mimi nakaa ubavuni kwenye kigoda, nakanyaga, na kitabu kipo mapajani. Akigonga meza mara moja, naenda. Akigonga mara mbili, nasimama.

Bibi ananiita mke mwenza. Babu alifariki kabla sijazaliwa, lakini Bibi anasema hilo halinitoi kwenye ndoa.

Jumanne, 13 Februari

Joto. Jaribio la hesabu. Sitaki kulizungumzia.

Ijumaa, 16 Februari

Kwenye riwaya ninayosoma nimefika mahali ambapo mhusika wangu anakimbizwa msituni na mbwa. Miguu yangu ikamfuata. Bibi akagonga meza mara mbili, akagonga mara tatu, halafu akagonga kichwa changu. Mkono wa shati ulikuwa umeshonwa ukafungwa mdomo kama soksi.

"Haya, nenda kanitafutie mteja asiye na kiganja," akasema.

Tumefumua mpaka jioni. Kuanzia leo, wakati wa kazi nasoma jiografia tu. Jiografia haina mbio.

Alhamisi, 22 Februari

Alhamisi ni siku ya kliniki ya mifupa. Mama ndiye aliyekuwa akimpeleka Bibi, lakini zamu yake kiwandani imebadilishwa, kwa hiyo leo nimeomba ruhusa shule nikaenda mimi. (Niliomba kwa kumtuma mwenzangu aniombee. Mwalimu akakubali.)

Kwanza, maandalizi. Bibi alivaa gauni la bluu la harusi za watu, akajipaka poda, akafunga kilemba kilichopigwa pasi. Akameza vidonge viwili vya maumivu kabla hatujatoka. Nilidhani tunaenda kumposea mtu.

Kwenye korido ya kliniki kuna benchi moja refu linaloanzia mlango mkuu na kuishia mlango wa daktari. Foleni ndiyo hilo benchi. Mgonjwa mmoja akiingia, wote tunasogea nafasi moja kwa makalio. Fikiria watu wenye nyonga mbovu na magoti mabovu wanaambiwa wasogee kwa makalio. Kila mlango unapofunguka unasikia "aah", "uwii" na "polepole jamani" kutoka mwanzo wa benchi hadi mwisho, kama kwaya inayojaribu sauti.

Aliyekaa karibu nasi ni mzee aliyekuwa dereva wa lori. Wote wanamwita Dereva. Yeye anangoja nyonga.

"Bibie, umependeza," akamwambia Bibi. "Unaumwa wewe au umekuja kutusalimia?"

"Kuumwa si kukosa sabuni," Bibi akajibu, na benchi zima likacheka.

Zamu ya Dereva ilipofika, tulimsikia kupitia mlangoni. "Daktari, nakufa! Nakufa nikiwa wima! Juzi nimeshindwa kuvaa soksi, nikalia!" Bibi aliangalia sakafu kwa niaba yake. "Mwanamume mzima," akaninong'oneza. "Aibu naona mimi."

Zamu yetu. Mlangoni Bibi akanikabidhi mkongojo. "Shika hii. Sitaki aniione kama ajuza." Akaingia amenyooka kama mstari wa rula.

Daktari ni kijana mwenye macho ya mtu asiyelala.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo?"

"Hatujambo. Goti linaendeleaje?"

"Linaendelea vizuri, namshukuru Mungu."

"Usingizi?"

"Nalala kama mtoto."

"Ngazi unapanda?"

"Napanda tu."

"Na kazi?"

"Nashona kila siku."

Daktari akaandika, akatabasamu, akasema turudi mwezi ujao. Hatukumaliza hata muda wa kuchemsha chai.

Nje nikamuuliza Bibi kwa nini hakusema ukweli. Akanitazama kana kwamba nimeuliza kwa nini watu huvaa nguo. "Mtu akikusalimia, unamjibu salamu. Humtwishi mzigo wako mtu ambaye hata kwao hukujui."

Nimemwangalia akirudi nyumbani ameuma midomo, hajalalamika hata mara moja, na nimemwona kama mashujaa wa kwenye vitabu vyangu.

Jumapili, 3 Machi

Mjomba, kaka yake Mama, amekuja kuona bati linalovuja juu ya cherehani. Ameliona. Amesema atalirekebisha kesho. Mjomba tunamwita Kesho.

Jumatano, 6 Machi

Nimeamka alfajiri kwenda msalani. Bibi alikuwa amekaa kitandani, anasugua goti kwa mafuta. Shuka lake halikuwa na mkunjo hata mmoja. Nikamuuliza, umeamka mapema? Akasema, "Ndiyo, mke mwenza, nimeamka mapema." Sidhani kama aliamka. Nadhani hakulala.

Jumamosi, 9 Machi

Dereva amepita nyumbani kwetu kushonesha suruali ya pajama. Amepewa tarehe! Anaingia chumba cha upasuaji wiki ijayo.

Bibi akasimamisha kitambaa. "Wewe si ulianza kuja mwaka jana tu?"

"Mwaka jana mwishoni."

"Mimi nipo tangu huyu mtoto hajafika kifuani kwangu."

Dereva akakaa kwa awamu tatu, kama kreni inashusha mzigo. "Bibie, foleni ile si ya basi, kwamba aliyetangulia kufika atangulie kupanda. Pale anatangulia anayelia. Daktari ana nafasi chache, anampa aliyezidiwa. Wewe unaingia umejipaka poda, unamuuliza habari za watoto. Angekupa nafasi kwa lipi?"

"Basi nitakuwa wa mwisho," Bibi akasema. "Lakini nitakuwa wa mwisho mwenye adabu zangu." Akagonga meza mara moja. Nikakanyaga.

Dereva aliposimama kuondoka alipiga kelele hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

Jumatano, 13 Machi

Nimekuwa nikimfikiria Bibi kwa namna mpya, na sipendi. Wiki tatu zilizopita niliona ushujaa. Sasa naona kiburi. Analiweka gauni la bluu mbele ya goti lake. Halafu najiuliza, mimi ni nani wa kusema bibi yangu ana kiburi? Nimefuta sentensi hiyo, nimeiandika tena.

Alhamisi, 21 Machi

Nimemwaibisha Bibi mbele ya daktari, na ningefanya tena.

Asubuhi ilikuwa kama ile ya mwezi uliopita: gauni la bluu, poda, vidonge viwili. Lakini daktari aliitwa kwa majeruhi wa ajali, na benchi halikusogea. Tukakaa mpaka watu wakaanza kugawana karanga. Nikaona nguvu za vidonge zinamwisha Bibi. Zilianza kumwisha usoni. Poda ikabaki juu, na chini yake rangi ikaondoka. Akaacha kunitania. Mkono wake ukashuka kwenye goti, ukakaa hapo.

Nesi alipomwita, alinikabidhi mkongojo, akavuta pumzi, akaingia kama bibi harusi.

"Shikamoo, mama. Samahani kwa kuwachelewesha."

"Marahaba, baba, ndiyo kazi. Pole na majukumu."

"Goti?"

"Linaendelea vizuri."

"Unalala?"

"Nalala kama mtoto."

Nilikuwa nimesimama kwenye kona karibu na mzani. Sijawahi kumkatiza mtu mzima maishani mwangu. Darasani siombi hata ruhusa ya kwenda msalani, nangoja kengele.

"Si kweli," nikasema.

Sauti ilitoka ndogo mno, daktari hakuisikia. Bibi aliisikia. Akageuza shingo taratibu, na macho yake yakaniambia kila kitu ambacho mdomo ungeniambia nyumbani.

"Si kweli, daktari!" Sasa ilitoka kubwa kupita kiasi, hadi nesi akachungulia. "Halali. Alfajiri namkuta amekaa. Ngazi hawezi kujua kama anapanda, kwa sababu kwetu hakuna ngazi. Kushona anashona mikono tu, anayekanyaga ni mimi. Na mkongojo huu si wangu."

Bibi akamgeukia daktari kwa upole wa kutisha. "Huyu mtoto anasoma sana. Vitabu vimemjaa, sasa vinamwagika."

Daktari akaweka kalamu chini. "Mama, nakuomba usimame, uende mpaka kwenye kile kitanda, urudi."

Bibi akasimama. Hatua ya kwanza aliipiga kwa ufahari. Ya pili pia. Ya tatu goti likakataa, akashika ukingo wa meza, na mafaili ya watu yakamwagika sakafuni. Hakutoa sauti. Laiti angetoa.

Daktari hakuokota kitu. Alizunguka meza akamshika mkono, akamkalisha. "Mama, mimi nina chumba cha upasuaji siku moja kwa wiki, na benchi umeliona. Naanza na wanaoumia zaidi. Muda wote huu umekuwa ukiniambia hujambo, nami nikakuamini, kwa sababu nililelewa nisimbishie mzee."

"Kwani ungenibishia ungekufa?" Bibi akauliza.

Daktari akacheka. Bibi hakucheka. Ameandikiwa picha mpya ya eksirei, na daktari akasema atapigiwa simu. Haitakuwa kesho, lakini haitafika mwisho wa mwaka.

Njia nzima ya kurudi Bibi hakunitupia neno.

Ijumaa, 22 Machi

Mvua imeanza. Bibi hajanisemesha. Shida ni kwamba bado ananihitaji kwenye cherehani. Kwa hiyo anaongea na paka wetu. "Paka, mwambie huyo mwenye miguu tunashona kola sasa, aende polepole." Paka hajasema kitu, nami nikaenda polepole.

Jumatatu, 25 Machi

"Paka, muulize kama wanafunzi wa siku hizi wanafundishwa kuvua nguo wazee wao hadharani."

Nikamwambia paka kwamba silabasi haina mada hiyo. Nimeona bega la Bibi likitikisika. Ama amekohoa ama amecheka.

Alhamisi, 28 Machi

Mvua. Ndoo ipo chini ya bati. Mjomba amesema kesho. Simu ya hospitali haijaita.

Jumatano, 3 Aprili

Mvua. Simu haijaita. Imeita mara moja, alikuwa mtu anayetafuta fundi wa friji.

Jumanne, 9 Aprili

Simu haijaita. Mama amerudi kutoka zamuni, amemwambia Bibi, "Mama, mtoto amekosa nini? Amesema ulichotakiwa kusema wewe." Bibi akajibu kwamba nyumba hii imejaa mahakimu na hakuna hata mmoja anayejua kupika. Sasa hatusemeshwi wawili. Paka ana kazi nyingi.

Jumamosi, 13 Aprili

Dereva amekuja na nyonga mpya! Ana gongo moja tu. Alikaa kwa awamu moja na kusimama kwa awamu moja, akarudia makusudi ili tuone. Bibi akasahau kwamba amenuna.

"Enhe, hebu nieleze. Walikulaza usingizi?"

"Hapana. Sindano ya ganzi mgongoni, kuanzia kiunoni kushuka sijui hata kama nina miguu. Wakaweka pazia kifuani, ili nisione. Ila masikio hawakuyawekea pazia, bibie." Akainama mbele, na uso wake ukawa wa mtu anayehadithia vita. "Msumeno nimeusikia. Nyundo nimeisikia. Ko! Ko! Ko! Kama wanatengeneza kabati. Nikamwambia daktari, fundi, na mimi nataka droo mbili."

Mimi na Mama tulicheka mpaka tukashikana. Bibi alitabasamu, lakini nilimwona akichomeka sindano kwenye mto wa sindano, akaichomoa, akaichomeka tena palepale.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua ilipiga bati mchana kutwa, hatukuweza hata kusikia mashine. Mama alikuwa zamuni. Tulikuwa tunashona sketi. Katikati ya mshono Bibi akagonga meza mara mbili, nikasimama. Nikangoja amwambie paka.

"Mke mwenza."

Sikuamini. Nikainua uso.

"Unajua kwa nini nilikuwa namwambia yule kijana naendelea vizuri?"

"Kwa sababu ya adabu," nikasema. Neno kiburi nilitaka kulisema, nikalimeza.

"Adabu ni gauni la juu. Ukilivua, chini yake utakuta woga." Alikuwa anaongea kwa sauti ya juu ili kushindana na mvua, na ikawa ajabu kusikia siri inasemwa kwa kelele. "Dada yangu aliingizwa chumba cha upasuaji akiwa anacheka. Hakutoka. Tangu siku hiyo mimi na visu vya watu tuna mpaka. Foleni ikiwa ndefu, mwenzio nalala salama. Anayengoja bado hajaguswa. Anayeitwa ndiye mwenye kazi."

Kwa hiyo halikuwa jambo la ushujaa, wala la kiburi. Nilikuwa nimemsoma vibaya mara mbili, mimi ninayejidai msomaji.

Nikasema jambo langu. "Bibi, darasani huwa najua majibu. Sinyooshi mkono."

"Kwa nini?"

"Naogopa mwalimu ataniita."

Akaanza kucheka, kicheko cha kutoka tumboni, na mimi nikaanza, na paka akaondoka kwa hasira.

"Hebu ona," akasema akifuta macho kwa kipande cha sketi ya mtu. "Ukoo mzima unajificha nyuma ya benchi."

Halafu akaniomba nimtafutie, kwenye vitabu vyangu, jinsi goti la bandia linavyowekwa. Nimemsomea ukurasa wote kwenye kitabu cha maktaba ya shule. Penye damu aliniambia niruke. Nikaruka karibu nusu.

Jumatano, 24 Aprili

Simu haijaita. Bibi ndiye aliyeuliza kama imeita.

Jumatatu, 6 Mei

IMEITA. Nesi amesema aje kesho kulazwa, Jumatano asubuhi anaingia. Ndugu mmoja atoe damu ya akiba.

Mama uzito wake ni mdogo mno kutoa damu, wamemkataa. Mimi sijafikisha umri. Mama akampigia Mjomba, tukashikilia pumzi, maana tulijua neno litakalotoka. Mjomba akasema, "Nakuja sasa hivi."

Alifika hospitali amelowa chapachapa, hata mwavuli hakuchukua. Wakati wanamtoa damu alifumba macho akaimba. Nesi akamwomba apunguze sauti, kuna wagonjwa. Nimemhukumu Mjomba miaka yote kwa ajili ya mabati. Kumbe ana mambo ya kesho, na ana mambo ya leo.

Jumatano, 8 Mei

Nimeruhusiwa kufika kabla ya shule. Bibi alikuwa amefunga kula tangu jana, ameoga kwa dawa, amevaa gauni la hospitali lililofungwa nyuma kwa vikamba viwili, na goti limechorwa mshale kwa kalamu nene wasije wakakosea. Mkono wake ulikuwa baridi. "Usiniache mpaka mlangoni," akasema.

Basi tukamsindikiza na kitanda chake chenye magurudumu mpaka karibu kabisa na mlango. Mlango ukafunguka. Daktari akatoka, si kumpokea. Basi la abiria limepinduka. Vyumba vyote vimechukuliwa. Arudi nyumbani. Labda Jumatano ijayo.

Nilidhani Bibi atamshukuru Mungu. Nilimtazama usoni nikitafuta nafuu. Sikuiona.

"Labda?" akasema, akainuka kwa viwiko. "Labda ipi? Mimi nimeshaoga! Nimekaa na njaa tangu jana, nimechorwa kama gunia, nimemuaga paka! Unajua mimi nimechukua muda gani kufika kwenye mlango huu?"

"Najua, mama."

"Hujui! Kungoja kwenu si ndiko kungoja kwangu." Halafu akakumbuka daktari alikokuwa anakwenda, akashusha sauti. "Nenda kawatazame watu wa basi. Lakini Jumatano nitakuwa hapahapa, na ukinipita nitalia kuliko Dereva."

Daktari akaweka mkono kifuani, akainamisha kichwa. Nyumbani Bibi amekula sahani mbili kwa hasira.

Jumamosi, 11 Mei

Mvua. Bibi anafanya mazoezi ya paja aliyoelekezwa na nesi. Anahesabu kwa kumtaja daktari badala ya namba.

Jumatano, 15 Mei

Wamemwingiza.

Naandika nikiwa kwenye korido. Mama amekaa, anasimama, anakaa. Mjomba ameenda kununua maji mara tatu. Tuna maji mengi. Nilileta kitabu, lakini nimesoma sentensi moja tangu asubuhi na siikumbuki. Saa ya ukutani ni mbovu, na nashukuru.

Nafikiria kwamba mimi ndiye niliyemleta hapa. Kama nisingesema neno siku ile, sasa hivi angekuwa nyumbani anaongoza kitambaa, anaumwa, lakini yupo. Naona mlango ule na namwona dada yake ambaye sikumjua. Mama amenishika mkono bila kuniuliza kitu.

Baadaye. Daktari ametoka, ameshusha barakoa. Kabla hajasema, ametabasamu. Mama amekaa chini sakafuni kabisa, na Mjomba, mwanamume mrefu kuliko wote ninaowajua, amelia kwa sauti ya mtoto.

"Mzima kabisa," daktari akasema. "Tena amenisumbua. Wakati wa kushona kidonda aliniuliza natumia mshono gani. Nikamwonyesha kwa juu ya pazia. Akaniambia si mbaya, ila nisivute uzi sana."

Alhamisi, 16 Mei

Leo hii leo, siku ya pili tu, mtaalamu wa mazoezi amemsimamisha. Ni msichana mdogo mwenye mikono ya mbeba mizigo. Bibi amemwita jina la kila mnyama wa porini. Msichana anasema, "Ndiyo bibi, na hatua nyingine." Bibi amefika mpaka dirishani. Akashika ile fremu ya kutembelea, akaangalia mvua. Akatokwa na jasho kama yeye ndiye aliyenyeshewa.

Jumatatu, 27 Mei

Nyumbani. Kukunja goti ni vita. Mama anasukuma, Bibi anatukana, mimi nasoma kwa sauti ili kumsahaulisha. Leo tumesoma ile sehemu ya mbwa na msitu. Alikunja zaidi ya jana, kwa sababu alitaka kujua kama mhusika ameponyoka.

Jumanne, 4 Juni

Mvua imekatika. Darasani mwalimu aliuliza swali la historia. Nikanyoosha mkono. Akaniita. Nilijibu, kumbe nilikuwa nimekosea. Hakuna aliyekufa.

Jumapili, 16 Juni

Fremu imewekwa kando. Gongo moja. Bibi amekwenda peke yake mpaka kwa jirani na kurudi, akatoka tena kwa sababu alisahau alichokwenda kufuata.

Ijumaa, 28 Juni

Siku ya kufunga shule. Wazazi wanakuja kusikiliza matokeo, na darasa letu liko ghorofani. Mama alikuwa zamuni, kwa hiyo sikumtarajia mtu. Nilikaa mahali pangu karibu na ukuta. Viti vya wazazi vilikuwa vimepangwa nyuma. Mwalimu wa darasa akaanza hotuba kuhusu nidhamu na vitabu vilivyopotea.

Ndipo tukasikia ngazi. Hatua, gongo. Hatua, gongo. Mtu alikuwa anapanda, wala hakuwa na haraka. Mwalimu akaendelea, lakini maneno yake yakaanza kungoja zile hatua, na baada ya muda akanyamaza kabisa, na darasa lote likageuka kutazama mlango. Mimi nilijua kabla ya wote. Nilishika meza kwa mikono miwili, nikimhesabia kimoyomoyo, nikimwomba asiteleze, nikimwomba asiteleze.

Bibi akatokea mlangoni. Alikuwa anahema, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Hamjambo nyote," akasema. "Endeleeni, mwalimu. Zile ngazi ni nzuri sana."

Mzazi mmoja akainuka haraka, akamsogezea kiti. "Kaa, mama, kaa, umechoka."

"Ahsante, baba, Mungu akubariki." Bibi akakitazama kile kiti, akakisukuma taratibu pembeni kwa mguu. Kwa mguu wa kulia. "Nimekaa miaka mingi mno. Acheni nisimame."

Watu wakacheka, kisha mtu akaanza kupiga makofi. Masikio yangu yaliwaka moto. Kila jicho lilikuwa linatafuta ni bibi wa nani.

Nikainuka kwenye kiti changu, nikapita katikati ya darasa lote, nikaenda kusimama naye.